Mfanyakazi Mgeni: Tuongee Naye Mapema



Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa katika Ziwa Mweru ili samaki wapate kuzaa. Nyavu za Nchelenge na Kashikishi hukaa nchi kavu, na mtu aliyezoea mtumbwi hutafuta kazi ya mshahara, kwa mfano kwenye shamba la chai la Kawambwa. Wengine wametoka ng'ambo ya ziwa, Pweto na Kilwa ya Kongo, au katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala yaliyofunguliwa mwaka 2018. Ndiyo maana miezi hiyo tunaona sura mpya langoni.

Mwajiri huongea na mgeni siku ile ile ya kwanza. Humwonyesha kapitao wake, saa za kuingia na makosa yanayofukuzisha kazi. Sisi je? Mara nyingi tunangoja mpaka apatwe na shida.

Kungoja huko kunatuumiza sote. Sheria ya Ajira namba 3 ya mwaka 2019 inaruhusu muda wa majaribio usiozidi miezi 3, nao unaweza kuongezwa kwa miezi isiyozidi 3 mingine. Katika muda huo mtu anaweza kuachishwa kwa notisi ya saa 24 tu. Basi mgeni ana hofu, na mwenye hofu hukubali kila neno: kubaki baada ya saa bila malipo, kutia kidole gumba kwenye karatasi asiyoijua. Kesho kapitao anatuambia, "Mbona mwenzenu amekubali?" Hapo haki ya mmoja imepotea, na yetu iko njiani.

Kwa hiyo kila kiongozi wa tawi akutane na mgeni katika wiki ya kwanza, kwa utaratibu huu.

Kwanza, chagua mahali na saa. Usimwite penye mzani wa majani wala mbele ya kapitao. Ngoja kazi iishe. Nendeni wawili, na mgeni akiwa mwanamke, mmoja wenu awe mama.

Pili, msalimie kwa heshima na kwa lugha anayoisikia vizuri, Kibemba au Kiswahili. Mzee ni Baba, mama ni Mama, kijana ni ndugu. Usimwite "yule Mkongo". Usianze kumwuliza kabila lake wala vibali vyake, atakudhania mpelelezi. Wazee wetu wa Copperbelt walilijua jambo hili: mwaka 1953 wachimba migodi walipiga kura, na walio wengi wakakataa kusemewa na wawakilishi wa makabila. Walitaka chama chao kiwasemee kama wafanyakazi.

Tatu, sikiliza kabla ya kuhubiri. Maswali manne yanatosha. Umeajiriwa kwa kazi gani? Utalipwa kiasi gani, na ni kwa siku, kwa mwezi au kwa kilo? Umeambiwa kazi ni ya muda gani? Umetia sahihi karatasi gani, na nakala yako iko wapi? Mkataba wa miezi 6 au zaidi lazima uandikwe. Kama hajui kusoma, mshaurini aombe asomewe kwa lugha yake kabla ya kutia kidole.

Nne, mweleze haki kwa hesabu ya fedha, maana maneno makubwa husahaulika. Chukua mfano wa mshahara wa kwacha 2,000. Kwa ajili ya pensheni ya NAPSA, mfanyakazi hukatwa asilimia 5, yaani kwacha 100, na mwajiri naye hutoa kwacha 100 zake. Mwambie aitunze karatasi ya mshahara ya kila mwezi. Akikatwa na fedha zisifike NAPSA, karatasi hiyo ndiyo shahidi wake.

Tano, sema kweli kuhusu chama. Usimwahidi kwamba mwenye kadi hafukuzwi kamwe. Mwambie kuna ada, na ni kiasi gani. Mwambie pia kwamba sheria ya uhusiano wa kazi, Sura ya 269, inampa haki ya kujiunga, na inamkataza mwajiri kumfukuza kwa sababu ya uanachama. Akisema anataka kufikiri, mwacheni afikiri. Kadi iliyochukuliwa kwa kusukumwa hurudishwa upesi.

Sita, kabla ya kuagana andikeni katika daftari la tawi jina lake na tarehe aliyoanza kazi. Tarehe hiyo ina thamani kubwa. Aliyeanza tarehe 5 Desemba, miezi yake 3 inaisha tarehe 4 Machi. Kama tawi halina tarehe, mtu anaweza kuitwa wa majaribio mwaka mzima na hakuna wa kubisha. Pangeni siku ya kuonana tena kabla ya miezi hiyo kwisha.

Kikao hiki hakihitaji zaidi ya nusu saa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayejua mshahara wake, tarehe yake na mwakilishi wake hatatumiwa kama fimbo ya kuwapigia wenzake. Viongozi wa matawi, fungueni daftari wiki hii, muone ni nani ameingia kazini na bado hajaongea na chama.