Safari Ilianzia Tumboni mwa Nyanya

Je, mwajua kuwa ovari za msichana huanza kazi kabla hajazaliwa? Mimba ikifika miezi mitano hivi, huwa na mayai machanga milioni 6 au 7. Akizaliwa husalia milioni 1 au 2 tu, na mapya hayatengenezwi. Humo pia mna kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kinachogeuza homoni za androjeni kuwa estrojeni.

Basi yai lililokuwa wewe lilikuwa ndani ya mama yako naye angali tumboni mwa nyanya! Dada yangu ni mjamzito. Nikitoka shule jioni namtekea maji, asibebe mtungi. Huenda amebeba vizazi viwili. Jamani, tuwatunze wajawazito!