UPIMAJI WA DAWA ZA KULEVYA KWA NJIA YA MKOJO
Maelezo kwa Watumishi wa Umma na Wakazi wa Songea

Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania Bara ambayo kilimo cha bangi kimekuwa kikitajwa katika taarifa za Serikali kwa miaka mingi. Aidha, mji wa Songea umo katika njia kuu mbili za usafirishaji: ile inayopanda kwenda Njombe na Makambako, na ile inayopita Namtumbo, Tunduru na Masasi hadi bandari ya Mtwara, ambayo hutumiwa pia na malori ya makaa ya mawe kutoka Wilaya ya Mbinga. Kwa hali hiyo, suala la kupima dawa za kulevya si la jiji la Dar es Salaam peke yake. Linawahusu madereva, askari, walinzi, wanafunzi, wagonjwa na watumishi wa ngazi zote.

Majibu ya kipimo cha mkojo ni karatasi ndogo yenye uzito mkubwa. Yanaweza kumpotezea mtu ajira, kumfikisha mahakamani, au kumwezesha daktari kuokoa maisha yake. Hivyo ni vema kila anayeyatoa, anayeyapokea na anayeyatolea uamuzi aelewe mambo ambayo mkojo unaweza kuyathibitisha na yale usiyoweza.

MSINGI WA SHERIA

Kwa upande wa Tanzania Bara, udhibiti wa dawa hizi uliwekewa sheria mahsusi mwaka 1995. Sheria hiyo ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Na. 5 ya mwaka 2015, ambayo ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Zanzibar nayo ilitunga sheria yake yenyewe mwaka 2021 na kuunda Mamlaka yake. Uchunguzi wa kimaabara wa vielelezo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa upande wa Bara, na Wakala wa Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali Zanzibar kwa upande wa Visiwani.

Upimaji wa mkojo wa watumishi ulipata nguvu duniani tarehe 15 Septemba 1986, Rais Ronald Reagan wa Marekani alipotia saini amri ya kutaka watumishi wa Serikali yake wasitumie dawa za kulevya. Mwaka 1988 nchi hiyo ilitoa mwongozo wa jinsi ya kupima. Viwango vingi vinavyotumika sasa katika maabara za nchi mbalimbali vina asili yake katika mwongozo huo.

JINSI DAWA INAVYOFIKA KATIKA MKOJO

Dawa ikishavutwa, kumezwa, kunuswa au kudungwa, huingia katika damu na kusambaa mwilini. Ini huivunjavunja na kuigeuza kuwa kemikali nyingine, na figo huzichuja kemikali hizo na kuzitoa pamoja na mkojo. Kwa sababu hiyo, mara nyingi maabara haitafuti dawa yenyewe bali masalia yake. Kokeini, kwa mfano, hutoweka mapema, lakini salio lake liitwalo benzoilekgonini hubaki kwa siku kadhaa. Heroini hugeuka mofini katika muda mfupi sana.

Muda ambao masalia hayo yanaweza kuonekana huitwa kipindi cha kubainika. Kipindi hicho hakina siku moja maalumu kwa watu wote. Hutegemea aina ya dawa, wingi wake, mazoea ya mtumiaji, unene wa mwili, afya ya ini na figo, kiasi cha maji alichokunywa, na kiwango cha ukomo kilichowekwa na maabara. Kiwango cha ukomo ni kiasi ambacho masalia yakipungukia, majibu husomwa kuwa hakuna kitu, hata kama chembe chache bado zimo. Kwa bangi, kipimo cha awali hutumia mara nyingi ukomo wa nanogramu 50 katika mililita moja ya mkojo, na kipimo cha uthibitisho nanogramu 15.

VIPINDI VYA KUBAINIKA

Makadirio yafuatayo ndiyo yanayokubalika kwa jumla katika taaluma ya maabara:

(a) Bangi. Aliyevuta mara moja hubainika kwa siku zipatazo 3. Anayevuta mara kadhaa kwa wiki, siku 5 hadi 7. Anayevuta kila siku, siku 10 hadi 15. Aliyevuta kwa wingi kwa muda mrefu anaweza kubainika kwa siku 30 au zaidi. Sababu yake ni kwamba kiini cha bangi huhifadhiwa katika mafuta ya mwili na kuachiliwa kidogo kidogo.

(b) Heroini, ijulikanayo mitaani kwa jina la unga. Mofini inayotokana nayo hubainika kwa siku 2 hadi 3. Salio linaloitofautisha heroini na dawa nyingine za jamii yake hutoweka mapema zaidi, kwa kawaida ndani ya saa 8 hivi, na ni nadra kupita saa 24.

(c) Kokeini. Siku 2 hadi 4, na zaidi ya hapo kwa mtumiaji sugu.

(d) Amfetamini na methamfetamini. Siku 2 hadi 4.

(e) Mirungi. Masalia yake huonekana kwa siku 1 hadi 3, lakini vipimo vya kawaida vya amfetamini haviaminiki kuibaini. Huhitajika kipimo mahsusi.

(f) Dawa za usingizi na za kutuliza, kama vile diazepamu. Zile za muda mfupi hubainika kwa siku 3 hivi. Diazepamu iliyotumiwa kwa muda mrefu inaweza kubainika hata kwa siku 30.

(g) Kodeini, ipatikanayo katika baadhi ya dawa za maumivu na kikohozi. Siku 2 hadi 3.

(h) Methadoni. Siku 3 au zaidi.

(i) Pombe. Pombe yenyewe huonekana katika mkojo kwa saa 7 hadi 12. Yapo masalia yake yanayoweza kupatikana hadi siku 3, iwapo maabara itayatafuta.

Ikumbukwe kuwa kipimo huona kile tu kilichotengenezwa kukiona. Kipimo cha kawaida cha jamii ya mofini hakibaini tramadoli wala methadoni. Vilevile, mvuke wa petroli na gundi, ambao hunuswa na baadhi ya vijana, hauonekani katika vipimo vya kawaida.

HATUA MBILI ZA UPIMAJI

Hatua ya kwanza ni kipimo cha awali. Hiki hutumia kingamwili zilizobandikwa katika kijiti au kikasha kidogo, na majibu hupatikana ndani ya dakika chache. Ni rahisi na chafaa kwa uchunguzi wa haraka. Hata hivyo, kingamwili hutambua umbo la kemikali, na kemikali mbili zenye maumbo yanayofanana zinaweza kukichanganya kipimo.

Hatua ya pili ni kipimo cha uthibitisho. Hapa mkojo hupitishwa katika mitambo ya kromatografia, ambayo hutenganisha kemikali, na ya spektrometria, ambayo huzitambua moja moja kwa uzito wa chembe zake. Hatua hii huchukua muda, huhitaji wataalamu na gharama yake ni kubwa. Lakini ndiyo inayoweza kusema bila shaka kwamba kilichoonekana ni dawa fulani na si nyingine. Majibu ya kijiti peke yake ni dalili tu na hayatoshi kuwa ushahidi wa kumhukumu mtu.

DAWA ZA HOSPITALI ZINAZOWEZA KUPOTOSHA KIPIMO CHA AWALI

Suala hili lina uzito wa pekee katika nchi yetu, kwa kuwa baadhi ya dawa zinazohusika zimetumiwa na Watanzania wengi.

Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, inaweza kufanya kipimo cha awali kionyeshe jamii ya mofini wakati mgonjwa hajaigusa. Baadhi ya dawa za bakteria za jamii ya levofloksasini na ofloksasini huweza kuleta matokeo hayo hayo. Efavirenzi, iliyokuwa katika mseto wa dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI kabla ya dolutegraviri kuchukua nafasi yake kuanzia mwaka 2019, imejulikana kusababisha majibu yasiyo ya kweli ya bangi katika baadhi ya vipimo. Promethazini na klopromazini zinaweza kuonekana kama amfetamini.

Chukuliwe mfano wa dereva wa lori ambaye yuko katika mwezi wa pili wa matibabu ya kifua kikuu na amepimwa kwa kijiti kabla ya safari ya Mtwara. Kijiti kikionyesha jamii ya mofini, na msimamizi akamfukuza siku hiyo hiyo, mtu huyo atakuwa ameadhibiwa kwa kumeza dawa aliyopewa na Serikali ili apone. Lililo baya zaidi ni kwamba wenzake wakilisikia jambo hilo wanaweza kuacha dawa zao au kuficha ugonjwa, na kifua kikuu kikaendelea kuenea. Kumbe kipimo cha uthibitisho kingelimaliza suala hilo bila madhara.

Kwa hiyo, anayepimwa aeleze mapema, kwa faragha na kwa mtaalamu wa afya, dawa zote alizotumia katika wiki za karibuni, na aonyeshe cheti au kadi ya kliniki. Si lazima msimamizi wake wa kazi ajue ugonjwa anaougua.

YALE AMBAYO MKOJO HAUWEZI KUSEMA

Majibu yaliyothibitishwa huonyesha kuwa dawa ilipita mwilini. Hayaonyeshi kwamba mtu alikuwa amelewa saa ile ya kupimwa, hayataji saa aliyotumia, wala hayapimi ubovu wa kazi yake. Mtu aliyevuta bangi siku ya Ijumaa anaweza kubainika Jumatatu akiwa na akili timamu. Kinyume chake, aliyevuta bangi dakika chache kabla ya kushika usukani anaweza asibainike, kwa sababu masalia hayajafika katika kibofu. Ndiyo maana katika ajali za barabarani damu na pumzi hutoa ushahidi bora zaidi kuliko mkojo.

Wapo wanaouliza kama mtu aliyekaa karibu na wavutaji anaweza kubainika. Kwa ukomo wa nanogramu 50 jambo hilo ni nadra sana, isipokuwa kama alikaa kwa muda katika chumba kilichofungwa na kujaa moshi.

Wapo pia wanaoamini kuwa maziwa, maji ya ndimu au chai ya rangi husafisha mkojo. Imani hizo hazina msingi. Mkojo uliotiwa maji au kemikali nao hutambulika: wapimaji huangalia joto lake, ambalo linapaswa kuwa kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi ndani ya dakika 4 baada ya kutolewa, na hupima kiasi cha kreatinini. Kikipungua miligramu 20 katika desilita moja, mkojo huhesabiwa kuwa ni mwepesi kupita kiasi, na mara nyingi huagizwa sampuli nyingine.

UTARATIBU WA HAKI

Sampuli inayotoka Songea kwenda maabara ya mbali hupita mikononi mwa watu kadhaa. Kila mmoja hana budi kuandika jina, tarehe na saa ya kuipokea na kuikabidhi. Chupa ifungwe kwa lakiri mbele ya mwenye mkojo, naye atie saini, na ihifadhiwe katika ubaridi. Inapowezekana, mkojo ugawanywe katika chupa mbili, ili moja ibaki kwa ajili ya marudio iwapo majibu yatapingwa. Kumbukumbu hizo zikikatika, hata majibu yaliyo sahihi hupoteza nguvu mbele ya hakimu.

Wakuu wa idara wanakumbushwa kwamba taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022. Si halali kuzibandika katika ubao wa matangazo wala kuzisambaza kwa simu. Aidha, mtumishi anayetuhumiwa ana haki ya kuelezwa tuhuma zake na kusikilizwa kabla ya uamuzi kutolewa.

MATIBABU

Mkojo haupimwi kwa ajili ya adhabu peke yake. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa walioathirika na heroini, na baadaye huduma hiyo ikafika Mwananyamala, Temeke, Zanzibar, Mbeya na kwingineko. Katika kliniki hizo vipimo vya mkojo humsaidia daktari kujua maendeleo ya mgonjwa na kurekebisha dozi. Mgonjwa wa aina hiyo akipimwa kazini kwa kipimo cha methadoni atabainika. Hilo ni tiba, na lisichukuliwe kuwa ni kosa.

Mzazi, mwalimu au mwajiri anayemshuku mtu kuwa anatumia dawa za kulevya anashauriwa kumpeleka kwanza kwa mtaalamu wa afya, katika kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Na kila anayekabidhiwa karatasi ya majibu aulize maswali manne kabla ya kuchukua hatua: Je, kipimo kilithibitishwa? Kiwango cha ukomo kilikuwa kipi? Mhusika alikuwa akitumia dawa gani za hospitali? Nani aliishika sampuli tangu ilipotolewa? Pasipo majibu ya maswali hayo manne, uamuzi usitolewe.