Mota za Droni: Tuzitunze Zisituangushe



Pwani yetu si mgeni wa vyombo vya angani. Wazee wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, wanakumbuka roketi za Waitaliano zilizorushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini kuanzia 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru, ilirushwa pale setilaiti ikapewa jina Uhuru. Leo chombo cha angani chatoshea ndani ya kikapu cha sokoni. Vijana wetu wanapiga nacho picha za harusi, na vikundi vya mikoko vinaangalia miche ilishika wapi na ilikufa wapi. Ndugu zetu wa Zanzibar walianza mwaka 2016 kupiga picha visiwa vyao kwa droni ili wapate ramani.

Kwa hiyo vikundi vinatuuliza: tukitoa pesa za chama tununue hiyo mashine, itadumu muda gani? Tumeona tujibu kwa kuanzia pale inapochakaa haraka, yaani kwenye mota.

TULIYOYAONA

Kikundi kimoja cha vijana upande wa hori ya Mida kilinunua droni kwa akiba ya miezi minane. Wakaifanyia kazi vizuri, ufuoni na mikokoni. Siku moja tulikuwa nao harusini. Mota moja ilikuwa ikilia kama panzi. Mama mweka hazina akauliza, "Wanangu, mbona hicho kitu kinalia?" Kijana akamjibu, "Ni kawaida, mama, hata jana ililia hivyo hivyo." Ikapaa. Haikumaliza dakika tano, mota ikakwama, droni ikapinduka na kuanguka juu ya turubai. Chini ya turubai walikuwa wameketi kina nyanya na watoto. Tunamshukuru Mungu turubai lilikuwa limefungwa imara.

Tulipoifungua ile mota tulikuta mchanga mweusi umeshikamana na sumaku, na beringi imeshika kutu. Ile sauti ilikuwa onyo, nalo halikusikizwa.

Jambo la kukumbuka ni hili: droni ya mota nne haina mota ya akiba. Moja ikisimama hewani, droni za aina yetu haziwezi kujishikilia, zinaanguka. Basi kutunza mota ni kulinda pesa ya chama, na pia ni kulinda kichwa cha mtu.

AINA MBILI ZA MOTA

Ya kwanza ni mota yenye brashi. Hii iko katika droni ndogo za bei rahisi, zile za kuchezea. Ndani yake brashi ndogo zinasugua sehemu inayozunguka ili kuipitishia umeme, kama zilivyo kaboni ndani ya stata ya matatu. Tofauti ni kwamba kimota hiki chaweza kuzunguka zaidi ya mara 40,000 kwa dakika. Brashi zinalika upesi sana. Kwa kawaida mota hizi hudumu saa chache za kuruka, pengine kama kumi. Ikiwa betri moja yarusha dakika saba, saa kumi ni kama safari 85 tu. Brashi zikiisha hakuna dawa, ni kununua mota nyingine. Droni hizi ni nzuri kwa kujifunzia. Si za kutegemea kwa kazi ya kulipwa.

Ya pili ni mota isiyo na brashi, ambayo iko katika droni za kamera. Koili za waya wa shaba zimekaa katikati, hazizunguki. Kinachozunguka ni kikombe cha nje chenye sumaku, na umeme unaongozwa na kifaa cha elektroniki kinachowasha koili kwa zamu. Hakuna kinachosuguana isipokuwa beringi mbili ndogo zinazoshika shafti. Kwa hiyo, ikitunzwa, mota ya namna hii yaweza kufanya kazi mamia ya saa. Mara nyingi beringi ndiyo inayotangulia kufa.

MAADUI WA MOTA HUKU KWETU

Mchanga. Mota isiyo na brashi iko wazi ili hewa ipite na kuipoza. Penye kupita hewa, mchanga nao hupita. Tena mchanga wa kwetu una jambo lake. Ufuo wa Malindi na Mambrui una mchanga mweusi wenye madini ya chuma, na sumaku za mota ni kali, zinauvuta na kuushika. Ukishaingia kati ya sumaku na koili unakwangua rangi inayofunika waya za shaba. Waya zikigusana, mota inaungua.

Chumvi. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Mnajua mabati ya nyumba za ufuoni yanavyooza mapema kuliko ya Ganze. Beringi ni chuma vile vile.

Upepo. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, droni yapigana na upepo hata ikiwa imesimama mahali pamoja. Mota zinavuta umeme mwingi na kupata joto. Joto likizidi mno, sumaku zinapoteza nguvu, na nguvu hiyo hairudi mota ikipoa.

Panga bovu. Panga lililopasuka ncha linatetemesha mota kila mzunguko, na mtetemo unakula beringi. Panga ni rahisi kuliko mota. Usiligundishe kwa gundi, litupe.

KUTUNZA: HATUA KWA HATUA

Kabla ya kuruka:

1. Tandika jamvi au ubao, weka mawe kwenye pembe zote, urushe hapo na kutua hapo. Usirushe kutoka mchangani, kwa maana mapanga yanaupuliza mchanga juu nao unarudi kwenye mota. Jamvi kuukuu likiokoa mota limelipa bei yake.

2. Betri ikiwa imetolewa, zungusha kila mota kwa kidole, polepole. Mota nzima ya aina hii hutoa mikwaruzo myepesi iliyo sawasawa, hiyo ni sumaku zikipita kwenye koili. Ukisikia kukwaruza kama changarawe, au ikisita mahali pamoja, usiruke. Zilinganishe zote nne. Iliyo mgonjwa itajitenga na wenzake.

3. Shika kikombe cha mota ukitikise kando. Ikicheza kuliko nyingine, beringi imekwisha.

4. Tazama mapanga. Yenye ufa au ncha iliyolika yabadilishwe, na ukumbuke mawili yanazunguka kuume na mawili kushoto. Angalia alama, usiyachanganye.

Baada ya kuruka:

5. Zima kwanza, toa betri. Kisha karibisha kidole kwa kila mota kwa uangalifu. Zote zitakuwa na joto. Moja ikiwa na joto kupita wenzake, hiyo inafanya kazi kwa taabu, ichunguzwe.

6. Futa chumvi kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo ya bahari, kisha kausha. Mchanga utoe kwa brashi laini ya rangi na pampu ndogo ya mpira ya mkono. Ule mweusi ulioshikwa na sumaku hautoki kwa kupuliza. Ubandue kwa selotepu au gundi laini ya kubandika karatasi ukutani.

7. Usipeleke droni gereji ipulizwe kwa kompresa. Nguvu ile inausukuma mchanga ndani ya beringi, na mara nyingi hewa yake ina maji.

8. Hifadhi ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usiiweke jikoni kwenye moshi wala dirishani penye upepo wa bahari.

NA MAFUTA JE?

Hapa wengi wanakosea. Mafuta ya nazi hayafai, yanaganda kukipata baridi na baadaye yananata. Mafuta ya kupikia vile vile. Oili ya pikipiki ni nzito. Kama beringi imekauka lakini bado nzima, tone moja tu la oili nyepesi ya cherehani kwenye beringi, kisha futa yanayozidi. Mafuta yakitapakaa kwenye mota yanashika vumbi, na hapo umejitengenezea tope. Beringi yenye mchanga au kutu haiponi kwa mafuta. Yabadilishwa, au mota nzima yabadilishwa.

IKIANGUKA BAHARINI

Ikitoka majini, toa betri mara moja ikiwa haijavimba wala haina moto. Hiyo betri iweke nje, mbali na nyumba, juu ya mchanga mkavu, kwa sababu betri iliyoingia maji ya chumvi yaweza kuwaka hata baada ya saa kadhaa. Usiichaji tena. Droni isuuze kwa maji safi papo hapo, kwa maana chumvi ikikauka ndani ndipo inapoanza kula. Iache ikauke siku kadhaa. Hata ikiwaka, mota zake zihesabu kuwa za wasiwasi. Usiirushe juu ya watu mpaka zibadilishwe.

KUBADILISHA MOTA

Nunua mota ya namba ile ile na ya mkono ule ule, kwa sababu za kuume na za kushoto hutofautiana. Katika droni nyingi waya za mota zimechomelewa kwa risasi, na fundi mzuri wa simu aweza kuifanya kazi hiyo. Mwambieni atumie skrubu zile zile za zamani. Skrubu iliyo ndefu kuzidi, hata kwa milimita moja au mbili, inapenya na kugusa koili, mota mpya inaungua siku hiyo hiyo. Baada ya kufunga, jaribuni kwanza bila mapanga mkiangalia inazunguka upande gani. Kisha irusheni kimo cha mtu juu ya nyasi, dakika chache, watu wakiwa mbali.

DAFTARI NA KOPO LA MOTA

Tunashauri kila kikundi kiwe na daftari la droni. Andikeni tarehe, mahali, dakika za kuruka, upepo, na sauti yoyote isiyo ya kawaida. Bila daftari mtu husema "bado mpya hiyo", kumbe imesharuka saa mia.

Pamoja na daftari liwepo kopo. Tuchukue mfano tu: tuseme mota nne na kazi ya fundi zitawagharimu shilingi 12,000, nanyi mmeamua kuzibadilisha baada ya safari 300. Gawanya, ni shilingi 40 kwa safari. Kila betri inaporuka, shilingi 40 iingie kopo la mota kabla ya kugawana chochote. Mota zikichoka, pesa ipo, wala hakuna kuchangishana kwa manung'uniko. Bwana Yesu alitupa mfano wa mjenzi wa mnara katika Luka 14, ambaye yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Nasi tuhesabu bei ya kuitunza, si bei ya dukani peke yake.

SHERIA

Kanuni za Kenya za vyombo visivyo na rubani zilitolewa mwaka 2020. Droni yapasa kusajiliwa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na kazi ya kulipwa ina kibali chake. Isipande zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, na mrushaji aione kwa macho wakati wote. Karibu na viwanja vya ndege, kama ule wa Malindi, hairuhusiwi bila idhini. Kwenye hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ombeni ruhusa kwanza kwa wanaozisimamia. Na sisi tunaongeza la kwetu: si juu ya vichwa vya watu, hata bwana harusi akiomba.

Wale vijana wa Mida wamebadilisha mota, wana daftari, na jamvi lao wanakwenda nalo kila mahali. Siku hizi anayeamua kama droni itaruka ni yule mama mweka hazina. Anazungusha mota kwa kidole, anasikiliza, kisha anasema ndiyo au hapana. Hakusomea ufundi popote. Yeye husikiliza tu kwa makini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, nani ana ruhusa ya kusema "leo haturuki", na je, atasikizwa?

2. Mashine zetu nyingine, kama pampu ya maji na mtambo wa posho, zina daftari na kopo lake?

3. Tukipoteza droni kesho, ni kazi gani itasimama, na tumejiandaa vipi?

Mungu abariki kazi za mikono yenu.