Matangi ya wino ya nje kwenye printa: Yanafaa duka dogo, au ni hasara?

Asubuhi ya siku ya skuli, pita stesheneri yoyote ya Darajani. Mmoja anataka kopi ya kitambulisho, mwingine barua ya kuomba kazi, na mwanafunzi wa SUZA ana kazi ya kurasa 40 inayotakiwa saa 4. Printa ikigoma hapo, mteja hasubiri. Anavuka barabara, na kesho anaanzia huko huko.

Kinachomuumiza mwenye duka dogo ni wino. Printa ya katriji bei yake ni nafuu, lakini katriji inaisha haraka. Ndipo fundi anapomwambia: "Funga matangi ya nje, utasahau habari ya katriji."

Je, ni kweli? Jibu fupi: matangi haya yana kasoro nyingi, lakini kwa mtu anayechapa kila siku yanafaa. Kwa anayechapa mara moja moja, ni bora aachane nayo.

Ni kitu gani hasa?

Ni chupa nne za wino, nyeusi na rangi tatu, zinazokaa ubavuni mwa printa. Mirija myembamba inatoka kwenye chupa, inaingia ndani ya printa na kupeleka wino kwenye katriji. Kwa printa nyingine fundi anatoboa katriji yenyewe na kuingiza mrija. Kwa nyingine anaweka katriji za kuiga zenye chipu yake.

Wino ukipungua, unamimina mwingine. Hununui katriji mpya.

Kwa nini watu wanashawishika?

Angalia hesabu. Katriji nyeusi ya HP 123, ya ukubwa wa kawaida, imekadiriwa kutoa kurasa 120 hivi. Chupa nyeusi ya Epson 103, inayotumika kwenye printa zilizotoka kiwandani na matangi yake, imekadiriwa kurasa 4,500. Hizo ni sawa na katriji 37 za aina ile.

Wala wazo hili si la kihuni. Indonesia mafundi walikuwa wakifunga matangi ya nje kwenye printa za Epson kwa miaka. Mwaka 2010 kampuni yenyewe ikaanza kuuza huko printa zenye matangi ya kiwandani. Canon na HP wakafuata baadaye.

Kasoro zake

*Usawa wa chupa.* Chupa zikikaa juu kuliko printa, wino unashuka wenyewe na kudondoka kwenye karatasi. Zikikaa chini sana, wino unarudi nyuma, hewa inaingia kwenye mirija na kurasa zinatoka na mistari myeupe. Ziweke meza moja na printa, na vitundu vya hewa viwe wazi wakati wa kuchapa.

*Chipu.* Septemba 2016 baadhi ya printa za HP zilianza ghafla kukataa katriji za kampuni nyingine, na HP ikaja kuomba radhi. Ukifunga mfumo wenye chipu ya kuiga, usikubali printa ijisasishe programu yake kupitia intaneti.

*Kichwa cha kuchapia.* Kwenye printa nyingi za bei ndogo za HP na Canon, kichwa kiko kwenye katriji. Kikiziba, unabadilisha katriji na kuunganisha mrija upya. Kwa Epson kichwa kimefungwa ndani ya printa. Kikiziba moja kwa moja, gharama yake inaweza kukaribia bei ya printa.

*Warantii.* Ukishatoboa na kupitisha mirija, usitegemee muuzaji akupokee printa ikiharibika.

Mazingira ya Unguja nayo yanahusika

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zinanyonya unyevu. Masika yakiingia, karatasi inalainika, inashikana na kukwama. Ihifadhi kwenye mfuko wake wa nailoni, utoe kidogo kidogo.

Halafu kuna umeme. Printa ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa kinarudi kwenye kifuniko ili wino usikauke. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa kinabaki wazi. Umeme ukirudi, washa printa, iache ijipange, kisha uizime kwa kitufe. Usiizime kwa swichi ya ukutani.

Wanaokumbuka giza la karibu miezi 3, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanajua kisiwa kinaweza kukaa bila umeme muda mrefu. Hata wiki chache za kutochapa zinatosha kukausha wino kwenye kichwa.

Nani afunge, nani asifunge?

Tuseme kit na kazi ya fundi ni shilingi 60,000, na kila ukurasa unaokoa shilingi 50 za wino. Gharama inarudi ukishachapa kurasa 1,200.

Duka la Mwanakwerekwe linalochapa kurasa 40 kwa siku linafika hapo kwa siku 30. Baada ya hapo, hata printa ikifa mwakani, pesa yake imesharudi.

Nyumba ya wageni Jambiani inayochapa kurasa 5 kwa siku inahitaji siku 240, yaani miezi 8. Msimu wa wageni wachache printa inaweza kukaa wiki nzima bila kazi, na kichwa kikaziba kabla faida haijaonekana. Huyo bora anunue printa ya leza, ambayo unga wake haukauki, au aendelee kupeleka kazi stesheneri.

Kama mtaji unaruhusu, printa yenye matangi ya kiwandani ni ghali zaidi mwanzoni, lakini haina mirija ya kubandika na ina warantii.

Kwa vyeti, mikataba na karatasi za kutunzwa miaka, usitumie wino wa rangi ya maji. Tone moja la mvua linatosha kuufuta. Tumia leza.

Kabla hujamlipa fundi

1. Mwambie achape ukurasa wa majaribio mbele yako. Mistari ya rangi zote iwe kamili, bila mapengo.
2. Fungua kifuniko, angalia mirija printa inapochapa. Isikwaruze wala kukunjika.
3. Iache printa usiku mzima, kisha uchape tena. Rangi ikipotea asubuhi, kuna hewa inaingia. Kubalianeni umalizie malipo baada ya jaribio hili.
4. Muulize sponji ya wino taka iko wapi. Kila printa inapojisafisha, wino unamwagika humo, na ikijaa baadhi ya printa zinajifunga mpaka fundi azifungue.

Ukishafunga, chapa angalau ukurasa mmoja wa rangi kila siku mbili tatu, hata kama hakuna mteja. Na ukihamisha printa, bana mirija na uziba vitundu vya hewa kwanza. Wino ukimwagika ndani ya daladala, utalipa na nguo za abiria wenzako.