Injini Iliyoleweshwa Petroli

Kigari changu ni kikuukuu, cha kurithi, na kina tabia moja isiyosameheka: hakizimiki porini ambako hakuna anionaye. Hungoja mpaka hadhira ikusanyike. Ndivyo kilivyonitenda asubuhi moja huko Ukambani, kwenye lango la shule ya bweni ya wasichana nilikoalikwa kuwa mgeni wa Siku ya Kiswahili. Bawabu alikwisha kufungua lango, wasichana wapatao mia mbili walikwisha kujipanga kando ya njia, na mwalimu mkuu alikwisha kunyosha mkono wa kunilaki, injini ilipokohoa mara mbili ikanyamaza.

Nilifanya afanyavyo kila asiyejua mitambo. Nikapiga stata. Kimya. Nikakanyaga mafuta, nikapiga tena. Harufu ya petroli ikatanda. Kadiri wasichana walivyoziba midomo kwa viganja ili wasicheke, ndivyo nami nilivyozidi kukanyaga, jasho likinitiririka kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiisukuma injini kwa kifua. Ndipo akaja fundi kijana aliyekuwa akitengeneza jenereta ya shule, ovaroli yake nyeusi kwa grisi. Hakuniamkua. Alipitisha mkono dirishani, akachomoa ufunguo.

“Mwalimu, hebu iache,” akasema. “Umeilewesha.”

Nilijifunza siku hiyo jambo ambalo shahada zangu hazikunifunza. Injini ya petroli haili petroli peke yake. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 15 za hewa ili iungue sawasawa. Katika gari la zamani lenye kabureta, kila unapokanyaga mafuta, pampu ndogo humwaga petroli ya ziada kooni mwa injini. Ukikanyaga mara kumi kwa papara, petroli hujaa, hewa hukosa nafasi, plagi hulowa, na plagi iliyolowa haitoi cheche ya maana. Kwa hiyo gari halina kasoro: betri ni nzima, petroli ipo, tena ipo kupindukia. Kinachoizuia kuwaka ni bidii ya dereva. Na akizidi kushupaa, betri nayo huzimia, hapo tena ugonjwa mmoja huwa miwili.

Fundi alichomoa plagi zote nne, akazipangusa, akazianika juani kwenye kitambaa, kisha akageuza ndoo akaikalia.

“Tunangoja nini?” nikauliza.

“Tunangoja zikauke, mwalimu. Wewe nenda kafanye kazi yako.”

Kazi yangu ilikuwa ukumbini. Nilipoingia, msichana wa kidato cha tatu alikuwa amesimama jukwaani kutoa hotuba aliyoihifadhi kwa majuma mawili. Alisalimu vizuri. Alitaja mada. Kisha sauti ikakatika. Macho yalimtoka, vidole vikawa vinasokota ncha ya sweta, na midomo ikawa inafunguka na kufumba bila neno. Mwalimu wake, aliyekuwa amesimama pembeni na karatasi mkononi, alianza kumnong'oneza kwa nguvu iliyosikika hadi mlangoni: “Sema! Sema basi! Si jana ulikuwa unajua?” Kila aliposema “sema”, binti yule alizidi kuzama. Puani mwangu nilisikia harufu ya petroli.

Wanaisimu tuna mazoea mabaya ya kukimbilia maneno watu wanapoteseka, nami nilikimbilia neno “kiherehere”. Kamusi zetu hulieleza kuwa ni mdundo wa moyo wenye hofu au wasiwasi. Mitaani, vijana hulitumia kumsema mtu mwenye pupa ya kujitia mbele kwa jambo asilotumwa. Wapo walimu wanaodai kwamba matumizi haya ya pili ni upotoshaji. Mimi nayaona yamefuma ukweli mmoja: hofu ya jukwaani na pupa ya kupita kiasi hukaa nyumba moja. Anayenyamaza mbele ya watu si lazima awe hana la kusema. Pengine yote ayajuayo yamefika kooni kwa wakati mmoja, na hakuna hewa.

Mwaka 1908, Wamarekani wawili, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafunza panya kuchagua kati ya kisanduku cheupe na cheusi. Panya aliyekosea alipigwa na umeme. Tofauti ya mwanga kati ya visanduku ilipokuwa dhahiri, umeme mkali uliwafanya wajifunze haraka. Tofauti ilipofanywa ngumu kutambulika, umeme mkali uliwachelewesha, na waliofanya vyema ni wale waliopata umeme wa wastani. Panya hawakuulizwa maoni yao, lakini nadhani mwanafunzi aliyepata kufokewa katikati ya fumbo la hesabu angeweza kuwasemea. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Sijaona bado sheria iliyoweza kulipiga marufuku jicho la mwalimu.

Mende nao wametoa ushahidi. Mwaka 1969 Robert Zajonc na wenzake waliwakimbiza mende kutoka kwenye mwanga kwenda gizani, mara wakiwa peke yao, mara wakitazamwa na mende wengine waliowekwa nyuma ya kuta zinazopenyeza nuru. Njia ilipokuwa moja iliyonyooka, mende aliyetazamwa alikwenda kasi zaidi. Njia ilipokuwa na kona za kuchagua, mende aliyetazamwa alichelewa. Ikiwa macho ya mende wenziwe humtatiza mende, sembuse macho ya wasichana mia mbili na mgeni mwenye tai!

Hapa sharti nikiri kosa letu sisi tunaofunza lugha. Mtihani wa Kiswahili wa KCSE una karatasi tatu: Insha, Lugha na Fasihi. Zote huandikwa.  Mwalimu mwenye silabasi ndefu na darasa la watu sitini atafunza kile kitakachotahiniwa, wala simlaumu. Lakini matokeo yake ni kwamba ulimi wa mwanafunzi hukaa bandani miaka minne, vumbi likijaa, kisha siku moja ya sherehe tunautoa na kuuamuru upande mlima huku umejaa abiria. Gari la kukaa bandani huwashwa kila juma, likazungushwa uani bila mzigo. Dakika mbili za kila mwanafunzi kuwasimulia wenzake watatu, si darasa zima, zingetosha kuwa mzunguko wa uani.

Nasikia mwalimu mmoja akiguna kwamba nawatafutia wavivu kichaka cha kujifichia. La hasha. Kuna plagi iliyolowa na kuna tangi lililo kavu, na fundi hodari hutazama tangi kwanza. Asiyesoma hana mchecheto wa kuanikwa juani. Ana deni la kulipa. Msichana wa jukwaani tangi lake lilikuwa limejaa. Mwalimu wake mwenyewe alikwisha kushuhudia: jana alikuwa anajua.

Kwa mwenye tangi lililojaa, uchunguzi wa Gerardo Ramirez na Sian Beilock uliochapishwa mwaka 2011 unafaa kutazamwa. Wanafunzi wenye hofu kubwa ya mitihani walipewa dakika kumi kabla ya mtihani wa baiolojia kuandika wanachokihofia, na wakafanya vizuri kuliko wenzao wenye hofu kama hiyo walioandika mambo mengine. Ni kuchomoa plagi na kuzianika juani.

Ukumbini sikuwa na karatasi wala dakika kumi. Nilimwendea mwalimu, nikamwomba kwa heshima ampe binti kiti na maji, kwaya iimbe kwanza. Alinitazama kama nilivyomtazama fundi. Kwaya ikaimba nyimbo mbili. Binti akarudi jukwaani, akaanza tena na sauti ikitetemeka kwenye sentensi ya kwanza na ya pili. Ya tatu ilitulia. Alimaliza hotuba yote, na mahali fulani alitia mzaha ambao nina hakika haukuwa katika karatasi ya mwalimu.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilisimama, nikafungua kinywa, na sentensi niliyoiandaa tangu Nairobi ikatoka imelowa. Nilivua miwani, nikatoa leso, nikaipangusa polepole kwa muda wa nusu dakika. Miwani haikuwa na uchafu wowote.

Nilipotoka, injini ilikuwa ikinguruma. Fundi alidai shilingi mia tano. Nililalamika kwamba hakutia kipuri hata kimoja, na kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kukalia ndoo.

“Hiyo ya ndoo ni bure, mwalimu,” akajibu. “Unalipia kunyang'anywa ufunguo.”

Nikalipa.