Kodi ya Ploti au Kodi ya Mapato: Ipi Ina Haki?

Pesa za barabara, maji na dawa lazima zitoke mahali. Je, serikali ifuate ardhi ya mtu, au ifuate mapato yake? Tusikimbilie kujibu. Tuziangalie kodi zote mbili.

KODI YA MAPATO hufuata kile mtu alichopata. Kwa viwango vya 2023, mwenye mshahara wa shilingi 24,000 kwa mwezi kushuka chini hakatwi kodi hii, ingawa makato mengine yapo. Mshahara ukipanda, kiwango nacho hupanda, hadi asilimia 35 kwa sehemu ya juu kabisa. Uzuri wake ni huu: mwaka wa njaa, asiyepata kitu hatozwi kitu. Ubaya wake ni kwamba mapato hujificha. Mwalimu hukatwa kabla hajashika mshahara, lakini mfanyabiashara wa pesa taslimu anaweza kuandika faida ndogo, na ni nani atajua?

KODI YA PLOTI, ile tunayoita reti, haina shida hiyo. Ardhi haijifichi. Tena bei ya ploti hupanda kwa jasho la wengi: lami ikifika, stima ikifika, soko likijengwa, ploti iliyokaa bure inakuwa mali na mwenyewe hajainua hata jembe. Si haki arudishe kidogo? Na kwa kuwa hapa Kenya kawaida imekuwa kupima thamani ya ardhi bila jengo, aliyejenga duka hatozwi zaidi ya jirani aliyeacha ploti kama ile ikiota nyasi.

Lakini ardhi haitoi pesa yenyewe. Mama mjane aliyeachiwa ploti sokoni anadaiwa reti hata kama hajauza kitu. Wazee wetu waliujua uchungu huu. Mwaka wa 1901 serikali ya kikoloni ilianzisha kodi ya vibanda, na haikuuliza kama mwenye nyumba ana pesa au hana. Wengi ilibidi watafute vibarua ili walipe.

Shida nyingine ni daftari ya thamani za ploti. Ikizeeka, kodi haifanani na bei ya kweli. Hata Nairobi ilitumia daftari ya 1982 kwa zaidi ya miaka 30!

PESA HUENDA WAPI? Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inasema kodi ya mapato hutozwa na serikali ya kitaifa peke yake. Reti ni ya kaunti. Kaunti pia hupata fungu la mapato ya kitaifa, lisilopungua asilimia 15. Kwa hivyo kodi hizi mbili hukutana katika zahanati yenu.

Kwa maoni yangu, tusichague moja na kutupa nyingine. Kodi ya mapato ibebe mzigo mkubwa, kwa sababu inaangalia uwezo wa mtu. Reti iongezee, hasa kwa wenye ploti nyingi zilizolala. Lakini yule mwenye ardhi asiye na pesa aruhusiwe kulipa kidogo kidogo, na riba isimmeze.

Hayo hayatakuja yenyewe. Kila mwaka kaunti huandaa mswada wa fedha, na wananchi ni lazima wasikizwe. Nendeni, mkaseme. Na kama kikundi kina ploti, wekeni risiti zote vizuri: bila cheti cha kuonyesha reti zimelipwa, ploti haihamishwi jina.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Katika soko letu, ni nani ana ardhi lakini hana pesa?
2. Ni nani ana pesa lakini haonekani akilipa kodi?
3. Tutamtuma nani kwenye kikao cha mswada wa fedha, na atasema nini?