Mwanafunzi Mgeni Baada ya Wiki ya Mapokezi

Anayekwenda kusoma nchi ya kigeni mara nyingi hulemewa akiwa ameshapokelewa. Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia aliyewahi kufanya utafiti Ankole, Uganda, alieleza katika makala ya mwaka 1960 kwamba mgeni huanza kwa kufurahia kila kitu, kisha huchoshwa na mazingira hata kuyachukia, ndipo azoee taratibu. Si wote wanaopita njia hiyo, lakini vyuo vingi nchini Tanzania huweka nguvu zote kwenye wiki ya kwanza: ziara ya maktaba, malipo ya ada, foleni ya kibali cha ukaazi daraja C, basi.

Kwa wanafunzi wa tiba, ugumu wenyewe uko wodini. Upande wa Kibamba, Dar es Salaam, nje kidogo ya Barabara ya Morogoro, ipo kampasi ya Mloganzila ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), pamoja na hospitali iliyojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini. Mihadhara hutolewa kwa Kiingereza, ila mgonjwa hueleza kichomi na kizunguzungu kwa Kiswahili. Mwanafunzi akianza kumhoji bibi aliyelazwa bila shikamoo, atajibiwa kwa mkato. Bibi akisema homa ilipanda saa mbili usiku, saa ya mgeni huyo ingeonyesha nane. Akiandika mbili kwenye faili, daktari atasoma kwamba homa ilipanda usiku wa manane.

Hapo mafunzo ya Kiswahili cha wodini, kabla ya mwaka wa kwanza wa kuona wagonjwa na wakati unaendelea, yana faida zaidi kuliko hotuba kumi za ukaribisho. Mwanafunzi mwenyeji naye ni msaada mkubwa: kumpeleka mgeni Mbezi Mwisho akajue daladala na nauli, au kusimama naye pale mwenye nyumba anapodai kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Wanaosahaulika ni wanafunzi wa nchi jirani. Mkongo wa Bukavu huonekana hahitaji msaada kwa kuwa anaongea Kiswahili, kumbe amesomeshwa kwa Kifaransa na mihadhara ya Kiingereza inampita.

Mgeni anayekosa vipindi, kushinda amelala au kuacha kula asisubiriwe aombe msaada mwenyewe. Mshauri wa wanafunzi amwite mwezi wa pili, na amwite tena muhula unaofuata.